Kamba ya Kupandia Mti na Umri Wake

Katika mazungumzo haya twataka kusimulia habari za kamba, hasa ile ambayo mtu huitegemea kwa uhai wake anapopanda mti mrefu. Mrina asali aijua vema kazi hiyo. Katika misitu ya miombo ya Unyamwezi mizinga hutundikwa juu mitini tangu zamani, na magome ya miti hiyo hiyo hutoa nyuzi za kusokotea kamba. Kamba ya gome ina sifa moja isiyosifiwa: huzeeka upesi, na uzee wake huonekana. Mwenyewe huitupa akasokota nyingine, kwa kuwa miti i karibu wala haimgharimu senti. Taabu huanza kamba inaponunuliwa, maana kitu cha fedha huonewa huruma.

Msiba uliowafumbua watu macho haukutokea mtini bali mlimani. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika kilele cha Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia, ambacho kabla ya siku ile hapana aliyekifikia. Wakashuka wakiwa wamefungana kwa kamba. Kijana mmoja, Hadow, akateleza, akamwangusha kiongozi Croz aliyekuwa mbele yake, na uzito wao ukawavuta Hudson na Lord Francis Douglas. Waliobaki juu, yaani mzee Peter Taugwalder, mwanawe na Mwingereza Edward Whymper, wakang'ang'ania miamba. Kamba ikakatika kati ya Douglas na mzee Taugwalder, na wale wanne wakaanguka yapata futi 4,000.

Watu wakanong'ona kwamba mzee aliikata kwa kisu ili ajiponye. Baraza la uchunguzi lilimwona hana hatia, na Whymper aliyeitazama ncha ya kamba aliona kuwa haikukatwa. Lakini aliona jambo jingine. Walikuwa wamechukua kamba za namna tatu. Mbili zilikuwa imara. Ya tatu ilikuwa kuukuu na nyembamba, iliyoletwa ifungwe miambani na kuachwa huko huko. Hiyo ya tatu ndiyo iliyowaunganisha Douglas na mzee. Na zaidi ya futi 250 za kamba njema zilikuwako siku ile bila kutumiwa! Tena mwaka uliotangulia, 1864, chama cha wapanda milima cha London kilikuwa kimezijaribu kamba nyingi kwa kuziangushia uzito, kikachagua zilizo bora. Basi ujuzi ulikuwako na kamba ilikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Hii si ya kufungia watu."

Kamba njema ya siku zile ilikuwa ya Manila, yaani ya nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba utokao Ufilipino. Mkonge ulifika Tanganyika mwaka 1893, Dk. Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida; iliyofika hai ni 62 tu, na mashamba ya Tanga yakatokana nayo. Japani ilipoitwaa Ufilipino mwaka 1942, Manila ikaadimika, na mkonge wa Afrika Mashariki ukatafutwa sana. Kamba hizi mbili zina adui mmoja, unyevu. Huoza kuanzia ndani, na kwa nje zikaonekana safi. Kwa hiyo mabaharia na wakwezi walijifunza kuifungua misokoto kwa vidole na kutazama moyo wake. Wakiona vumbi, au nyuzi fupi zilizokatika, au wakisikia harufu ya ukungu, hawaipandii tena.

Nailoni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake, haiozi. Watu walidhani wamepata kamba isiyokufa, lakini sivyo. Jua huidhoofisha, gome la mti huikwaruza, na tindikali ya betri huiharibu pasipo alama. Mwaka 1953 kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ilitoa kamba yenye kiini kilichovikwa ganda la kusukwa. Ganda hukilinda kiini, lakini pia hukificha. Wawindaji wa Marekani, ambao hukaa juu ya miti wakiwavizia kulungu kwa pinde, wengine huiacha kamba mtini msimu mzima, na kindi wakaja wakaitafuna.

Kamba kama hii haifunguliwi; hupapaswa kwa mkono pole pole, toka ncha hata ncha. Mahali palipolegea au palipo pagumu kuliko pengine, panapobonyea, au ambapo ganda limechanika, pamekwisha. Kamba iliyopata kumzuia mtu katika anguko kubwa nayo imemaliza kazi, hata ikionekana mpya. Watengenezaji wengi huandika kwamba isitumiwe zaidi ya miaka 10, ijapokuwa imekaa sandukuni. Ya kazi ya kila siku huenda isitimize hata mwaka. Ndiyo maana watu waangalifu huandika tarehe ya kununua kwenye ncha yake.

Kamba iliyokataliwa isirudishwe ghalani. Huko mgeni ataikuta imekunjwa vizuri naye ataiamini, kama ile ya tatu ilivyoaminiwa. Na ikatwe vipande vifupi visivyoweza kumzunguka mtu na mti, vikafungie mbuzi.