Kusugua Chombo Kikiwa Majini

Mmezoea kunikuta hapa nikizungumza juu ya seva, hifadhidata na lugha za kuandikia programu. Leo naomba mnivumilie, kwani nitazungumza juu ya meli, tena ile sehemu ya meli isiyoonekana, iliyo chini ya maji. Msikimbie. Kabla hatujamaliza nitakuwa nimerudi kwenye tarakilishi.

Mjomba wangu alikuwa na mashua ya kuvulia kule Lamu. Likizo za shule nilikuwa nikipelekwa kwake, na kazi yangu ilikuwa moja: kila baada ya siku chache niingie majini na kumbi la nazi mkononi, nishike ubavu wa mashua ikiwa imetia nanga, niusugue kuanzia omo mpaka shetri. Siku moja nilichoka nikamwuliza, "Mjomba, mbona twasugua na hapana uchafu? Ni utelezi tu."

"Huo utelezi ndio wenyewe, mwanangu," akanijibu. "Uache mpaka mwezi uandame tena, kisha uniambie utausugua na nini."

Nilidhani ananitafutia kazi ili nisikae bure. Sasa ni mtu mzima, nimeisoma historia ya jambo hili, na nimeona kwamba wakuu wa majeshi ya baharini na wanakemia wao walizunguka zaidi ya miaka 200 ndipo wakafika pale alipokuwa mjomba na kumbi lake.

Kwanza tuelewe tatizo. Kitu chochote ukikiweka baharini hakikai kitupu. Katika saa za kwanza hufunikwa na ukoga wa bakteria, kisha huja mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Huo ndio utelezi. Baadaye huota mwani, halafu hufika wenye magamba: kombe, na wale wanyama wadogo weupe wanaofanana na vikombe vilivyopinduliwa, wanaotukata miguu miambani maji yakipwa. Hao ni ndugu wa kaa na kamba ingawa hawafanani nao. Mtoto wao huogelea akitafuta mahali, akipapata hujibandika kichwa kwa gundi anayoitoa mwenyewe, hujijengea nyumba ya chokaa, na hahami tena.

Chombo kilichobeba hayo yote hushikwa na maji. Cha matanga hupunguza mwendo, cha injini hunywa mafuta zaidi. Vyombo vya mbao navyo vilikuwa na adui mwingine, yule anayetoboa mbao kwa ndani. Wengi humwita mnyoo, lakini naye ni jamaa ya kombe, na gamba lake dogo ndilo patasi yake.

Dawa ya kale ilikuwa kukitoa chombo majini. Sisi wa pwani tumejaliwa hapo, maana wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Nahodha alikipandisha chombo mchangani maji yakijaa, akakiegemeza, na maji yakishapwa mafundi walikuwa na saa chache za kukwangua, kuwasha moto wa makuti chini yake ili kuua wadudu, kukalafati, na kupaka deheni, yaani mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na chokaa. Wageni nao walifanya vivyo hivyo. Mapema mwaka wa 1498, kabla ya kufika Mombasa na Malindi, Vasco da Gama alikaa takriban mwezi mmoja katika mto wa Quelimane, Msumbiji ya leo, na mojawapo ya kazi zilizomweka pale ilikuwa kusafisha meli zake.

Lakini meli iliyolazwa ubavu haichukui shehena, na adui akitokea haikimbii. Kwa lugha yetu sisi waandika programu, hiyo ni kuzima mfumo mzima ili uufagie. Ndipo watu wakatafuta namna ya kufagia bila kuzima.

Mwaka wa 1769 William Falconer, Mskoti aliyekuwa baharia na mshairi, alichapisha London kamusi ya mambo ya bahari. Ndani yake mna kifaa ambacho Waingereza walikiita nguruwe. (Mjomba asingekubali jina hilo karibu na mashua yake.) Kilikuwa fagio la vijiti vilivyobanwa kati ya vipande viwili vya ubao, likatiwa mpini mrefu na kamba. Mabaharia walilisukuma chini ya meli, kisha wakalivuta juu likikwaruza uchafu njia nzima. Fagio kama hilo laweza kuondoa ukoga na mwani. Gamba lililokwisha kujigandisha halitikiswi na kijiti.

Waingereza hawakutaka kufagia milele, wakatafuta dawa ya mara moja. Mwaka wa 1761 waliivisha manowari iitwayo Alarm mabati ya shaba sehemu yote ya chini. Shaba huyeyuka majini polepole sana, na hicho kidogo kinachoyeyuka ni sumu kwa viumbe vinavyotaka kujibandika. Alarm ilipokaguliwa mwaka wa 1763, shaba ilikuwa imefanya kazi yake. Ila misumari ya chuma iliyoshika meli yenyewe ilikuwa imelika vibaya, isipokuwa pale ambapo karatasi iliyofungiwa mabati ilikuwa imesahaulika katikati ya shaba na chuma. Shaba na chuma zikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholipa. Hata hivyo vita vilipopamba moto, kuanzia mwaka wa 1779 karibu jeshi lote la baharini la Uingereza lilivishwa shaba, kisha ikabidi misumari ya chuma ibadilishwe.

Shaba nayo ilikuwa ikilika na ni ghali. Katika miaka ya 1820 mwanakemia mashuhuri Humphry Davy alipewa kazi ya kuizuia isiyeyuke. Akabandika vipande vya chuma na zinki juu yake, na hakika shaba ikaacha kulika. Wenye meli wakafurahi kwa muda mfupi tu: mwani na magamba vikarudi kwa wingi, kwa kuwa ile shaba iliyokuwa ikipotea ndiyo iliyokuwa dawa. Nani kati yetu hajawahi "kurekebisha" hitilafu, kumbe ilikuwa nguzo ya nyumba?

Zikaja meli za chuma, ambazo huwezi kuzivisha shaba bila kuziua. Zikabaki na rangi zenye sumu, na kuingia gudi, ile karakana ambamo meli huingizwa na maji yakatolewa. Asiye na gudi alikuwa taabani. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1904 Urusi ilituma manowari zake kutoka bahari ya Baltiki kwenda kupigana na Japani, safari ya maili 18,000 za baharini kwa kuzunguka Afrika. Zilikaa Nosy Be, Madagaska, tangu Januari hadi Machi 1905, katika maji ya vuguvugu kama yetu, mwani ukiota. Wajapani wakati huo walikuwa wakizitengeneza zao kwao nyumbani. Warusi walipofika Tsushima mwezi wa Mei walivunjwa kwa siku mbili. Sababu zilikuwa nyingi, na uzito uliokuwa umening'inia chini ya meli ulikuwa mmoja wapo.

Katika karne ya 20 dawa ya mara moja ilionekana kupatikana tena. Ilikuwa rangi yenye TBT, kemikali iliyotengenezwa kwa bati. Ilisafisha meli kweli kweli. Lakini katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, ambako watu huishi kwa kufuga chaza, mwishoni mwa miaka ya 1970 vifaranga vya chaza vilikoma kushika na magamba ya waliobaki yakanenepa ovyo. Kwingineko konokono wa baharini wa kike walianza kuota viungo vya kiume. Wafugaji wa Arcachon ndio walioilipia. Ufaransa iliipiga marufuku kwa mashua ndogo mwaka wa 1982. Mkataba wa dunia ulipitishwa mwaka wa 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008.

Basi tumerudi palepale, kwenye kusugua. Siku hizi wapiga mbizi hushuka na mashine zenye brashi zinazozunguka, meli ikiwa imetia nanga au imefunga gatini. Ni jambo jema, lakini lina sharti. Ukisubiri mpaka magamba yakomae, brashi hulazimika kuwa kali, na kali hung'oa gamba pamoja na rangi. Rangi ile ina shaba, na shaba hiyo yote huanguka chini mahali pamoja, bandarini, ambako watu huvua. Wageni nao huanguka wakiwa hai. Machi 1999 kule Darwin, Australia, walikutwa kombe wa kutoka upande wa Karibi wamejazana katika vituo vya mashua. Vituo 3 vilifungwa na kumwagiwa klorini na salfeti ya shaba, kila kilichokuwa hai humo kikafa, ndipo kombe wale wakaisha.

Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani walipiga hesabu ya manowari za aina moja, zile za DDG-51, wakakuta uchafu wa chini unagharimu dola milioni 56 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mafuta ya ziada. Kusafisha na kupaka rangi kulikuwa kidogo kando yake. Mwaka huohuo Shirika la Bahari la Umoja wa Mataifa lilitoa miongozo, na ilipopitiwa mwaka wa 2023 ikatenganisha wazi kusugua ukoga mapema na kung'oa magamba baadaye. Sasa kuna roboti zinazotembea juu ya chuma cha meli kwa sumaku na kufuta ule utelezi kwa wepesi kabla haujawa kitu. Nilipoziona mara ya kwanza kwenye video nilicheka peke yangu. Nilikuwa naliona kumbi la nazi lenye injini.

Niliwaahidi tarakilishi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitunza hifadhidata ya malipo katika ofisi moja. Haikuruhusiwa kuzimwa, kwa hiyo nikaacha takataka zijikusanye miaka mitatu. Diski ilipokaribia kujaa nikaandika amri moja kali usiku, mfumo ukiwa unatumika, ifute vyote vilivyopitwa na wakati. Ilifuta na visivyopitwa. Asubuhi mama mmoja muuza mboga alikuja ameshika risiti yake kwa mikono miwili, nami kwenye kioo nikamwona hajalipa hata senti. Nakala ya akiba ilikuwa ya siku 11 nyuma. Tulirudisha malipo kutoka kwenye risiti za karatasi, moja baada ya nyingine, kwa majuma mawili, na waliokuwa wametupa risiti zao sina hakika kwamba tuliwatendea haki. Nilikuwa nimekwangua gamba na rangi yake, na kilichoanguka kiliwaangukia wengine.

Tangu hapo kila Ijumaa mchana hufuta kidogo, mfumo ukielea. Kijana ninayefanya naye kazi aliniuliza juzi, "Kaka, mbona twasafisha na hakuna uchafu?" Nikamsimulia habari za mjomba.

Haya, tukutane tena juma lijalo. Nenda ukaangalie chini ya chombo chako.