Folda ya Pamoja: Kufikia Nyaraka za Mzigo Kutoka Kompyuta Moja Hadi Nyingine

Wafanyabiashara wengi wa mipakani na wenye malori mawili matatu huendeshea ofisi chumba cha mbele cha nyumba. Kuna kompyuta mbili au tatu, ruta moja, printa moja, na flashi inayozunguka kutoka meza hii hadi ile. Flashi hiyo huleta hasara. Ankara inasahihishwa kwenye kompyuta moja, nakala ya zamani inabaki kwenye nyingine, na wakala wa forodha anatumiwa ile isiyo sahihi. Uzito wa kwenye orodha ya mizigo ukitofautiana na ule wa kwenye tamko la forodha, lori linasimama, na gharama za kusubiri anazibeba mwenye mzigo.

Dawa yake haihitaji seva ya bei kubwa, wala haihitaji intaneti. Ni folda ya pamoja: folda moja iliyo kwenye kompyuta moja, ambayo kompyuta nyingine za mtandao huohuo huifungua kana kwamba ni yao. Kompyuta yenye folda tuiite mwenyeji. Windows na Mac huzungumza kwa utaratibu uitwao SMB, na Linux hufanya hivyo kupitia programu ya Samba, iliyoanza kusambazwa mwaka 1992. Windows ya kawaida huruhusu hadi vifaa 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja, idadi inayotosha ofisi ya aina hii.

Namna ya kuiweka

Anza na mtandao wenyewe. Windows huugawa kuwa wa umma au wa binafsi, na ukiwa wa umma hujificha kwa kompyuta nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, uweke "Private" kwa mtandao wa nyumbani tu. Kompyuta ya mkononi unayoifungua kwenye nyumba ya wageni pale mpakani iache kwenye "Public".

Hatua ya pili ndiyo inayowakwamisha wengi. Unapoifungua folda ukiwa kompyuta nyingine, unaulizwa jina na neno la siri. Yanayotakiwa ni ya akaunti iliyo kwenye kompyuta mwenyeji, si ya kompyuta unayoitumia. Namba fupi ya PIN unayofungulia asubuhi haikubaliki hapo, na akaunti isiyo na neno la siri hukataliwa ikijaribu kuingia kupitia mtandao. Njia safi ni kufungua akaunti ya kawaida kwenye mwenyeji, uiite kwa mfano "nyaraka", uipe neno la siri refu, na kuwapa wanaohusika tu.

Sasa bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha "Sharing", bonyeza "Share" na uongeze akaunti ile. Hapo utachagua kama itasoma tu au itaandika pia. Kwenye kompyuta ya pili, fungua dirisha la mafaili na uandike juu, mahali pa anwani, \\OFISI\Mizigo, yaani jina la mwenyeji na jina la folda. Jina lisipopatikana, tumia namba ya mwenyeji kwenye mtandao, kwa mfano \\192.168.1.10\Mizigo. Namba hiyo inaweza kubadilika ruta ikizimwa na kuwashwa, kwa hiyo ni vizuri kuitengea mwenyeji ndani ya mipangilio ya ruta. Kwenye Mac huandikwa smb://192.168.1.10/Mizigo.

Ushauri wa kukataa

Fundi asiye na subira atakuambia uzime ulinzi wa neno la siri ili kila mtu aingie, au uwashe SMB1, toleo la zamani la utaratibu huu. Usikubali. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilipita kwenye udhaifu wa SMB1, ikafunga mafaili ya hospitali za Uingereza na kusimamisha uzalishaji kwenye baadhi ya viwanda vya Renault. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Tangu mwishoni mwa 2017 Windows mpya haiji na SMB1 ikiwa imewashwa. Mwongozo unaokuelekeza utafute HomeGroup nao umepitwa: huduma hiyo iliondolewa mwaka 2018. Na Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida Oktoba 2025, jambo la kuzingatia unapochagua mwenyeji.

Jambo jingine ni ruhusa. Karani anayeandaa nyaraka anahitaji kuandika; anayechapisha au kumpigia dereva simu anahitaji kusoma tu. Ankara zilizokwisha kutolewa, hasa zenye namba za akaunti ya benki, ziwe kwenye folda ya kusoma tu. Mkono mmoja ukibadilisha namba hiyo, malipo ya mteja yanakwenda kwingine. Tena, kompyuta yenye ruhusa ya kuandika ikiambukizwa, maambukizi hufunga hata mafaili yaliyo kwa mwenyeji.

Wengi hawajui pia kwamba faili lililofutwa kupitia mtandao haliendi kwenye pipa la taka. Limeondoka. Kwa hiyo folda ya pamoja haihesabiwi kuwa nakala ya akiba. Nunua diski ya nje, nakili kila Ijumaa, ichomoe uifungie kabatini. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha uwezo wa kudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5, na kusema kompyuta iliharibika si jibu la kumpelekea.

Mwisho, mwenyeji awe kompyuta isiyosafiri. Ukiweka folda kwenye ile unayokwenda nayo Tunduma au Namanga, ofisi nzima inabaki bila nyaraka siku hiyo. Izuie kulala, maana ikilala folda inatoweka kwa wote, na uifunge kwenye betri ya akiba pamoja na ruta, kwa sababu umeme ukikatika ruta nayo huzima hata kama kompyuta bado inawaka.