Karatasi ya Mchimba Dhahabu

Katika jimbo la Victoria, nchi ya Australia, wako watu watafutao dhahabu kwa kujifurahisha tu. Mmoja huchukua karai, akatia mchanga wa mto na maji, akauzungusha polepole. Mchanga humwagika, dhahabu ikabaki chini, maana uzito wake hupita wa maji mara 19. Mwingine hupitisha juu ya ardhi chombo kiliacho kikutanapo na madini. Kwa chombo hicho bonge la kilo 27 lilionekana Kingower mwaka wa 1980. Chenga ndogo hakizisikii. Hizo twamwachia mwenye karai.

Wote wawili sharti wawe na karatasi ya serikali, iitwayo Haki ya Mchimbaji, nayo ilipatikana kwa damu. Mwaka wa 1851 mchimbaji alitozwa shilingi 30 kila mwezi, apate asipate, na askari wakamsaka hata mashimoni. Tarehe 3 Desemba 1854, huko Ballarat, wachimbaji walipigana na askari, wakafa watu zaidi ya 20. Mwaka uliofuata ada ikawa pauni moja kwa mwaka, tena mwenye karatasi akapewa kura. Siku hizi yadumu miaka 10, na dhahabu aionayo mtu ni mali yake.