Miaka 40 ya HASHI: Miti iliyokatwa kwa amri ikarudi kwa ngitili

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, msafiri anayetoka Shinyanga mjini kwenda Kahama huona nchi ya namna mbili kando ya barabara moja. Upande mmoja ardhi ni nyeupe, na hata mbuzi watatu wakipita vumbi linatanda. Upande wa pili, bila ukuta wala seng'enge, imesimama migunga, nyasi kavu zinafika magotini na ng'ombe wanakula bila haraka. Upande huo wa pili ni ngitili.

Mwaka huu wa 2026 umetimia mwaka wa 40 tangu Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioirudisha ngitili katika ardhi ya Wasukuma. Dunia nzima inazungumzia joto linalopanda na namna ya kulipunguza, nasi tunayo historia ya kuieleza, historia yenye kosa kubwa na marekebisho makubwa. Ajabu ni kwamba wengi wetu tumeisahau, na tunaanza kulirudia kosa lilelile.

Ngitili ni kitu chepesi kueleza. Mvua zinapoanza, mfugaji au kijiji hufunga kipande cha malisho. Hakuna mnyama anayeingia wala shoka linalofika. Nyasi zinakua, na visiki vya miti iliyokatwa zamani vinachipua. Kiangazi kinapokomaa na malisho ya nje yamekwisha, ngitili inafunguliwa kwa zamu, wakianza ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulima. Wasukuma walifanya hivyo kabla ya Mjerumani kufika. Ilikuwa akiba, kama ghala la nafaka.

Akiba hiyo iliharibiwaje? Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa jibu katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki. Hoja yake ndiyo ninayoifuata hapa. Anasema watu wa bara hawakuwa wafungwa wa pori. Walilitawala kwa kulima, kuchunga na kuchoma moto kwa wakati wake. Miaka ya 1890 ikaja sotoka ikaua ng'ombe kwa wingi, zikafuata njaa na ndui. Watu wakapungua, mashamba yakaachwa, vichaka vikayameza. Pamoja na vichaka akaja mbung'o, nzi anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliliona pori hilo wakadhani ndivyo nchi ilivyokuwa siku zote. Ndipo inapoanza vita ambayo Shinyanga haijawahi kusimuliwa vya kutosha, vita dhidi ya miti yenyewe.

Jemadari wake alikuwa Charles Swynnerton. Mwaka 1919 aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Malale yalipozuka upande wa Maswa mwaka 1922, alitumwa kuchunguza, na aina ya mbung'o iliyopatikana huko ikapewa jina lake, Glossina swynnertoni. Mwaka 1929 akawa mkurugenzi wa idara mpya ya utafiti wa mbung'o, na Old Shinyanga ikawa makao yake. Kwa miaka kadhaa mji huo mdogo ulikuwa miongoni mwa vituo vikubwa duniani vya kumchunguza mdudu mmoja.

Swynnerton aligundua kwamba mbung'o wa Shinyanga anaishi kwa kivuli. Anapumzika kwenye migunga na vichaka vya miiba, na katika uwanda mweupe wenye jua kali hawezi kukaa. Kwa hiyo ukiondoa kivuli, umemwondoa. Kupitia watemi, watu waliitwa kwa maelfu, kila mmoja na shoka lake, wafyeke pori mstari kwa mstari. Pale shoka liliposhindwa, moto ulitumika. Nyasi zilikatazwa kuchomwa mapema, zikaachwa zikauke kabisa hadi mwisho wa kiangazi, kisha zikawashwa zote kwa siku iliyopangwa, ili moto uwe mkali kiasi cha kuua hata miti. Tazama mambo yalivyogeuzwa. Utaratibu uleule wa kulinda nyasi hadi kiangazi, ambao Msukuma aliutumia kulisha ndama, sasa ulitumika kuteketeza pori.

Kituo kilijaribu kila njia. Vipande vingine vya ardhi vilizuiwa moto ili pori lisongamane hadi mbung'o alikimbie. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja zamu ya wanyamapori, wakapigwa risasi kwa maelfu katika jaribio la kumnyima nzi chakula. Swynnerton mwenyewe hakufika huko. Mwezi Juni 1938 ndege aliyopanda ilianguka, akafa pamoja na B. D. Burtt, mtaalamu wake wa mimea.

Sitaki kumdhulumu marehemu. Malale yaliua, na watu walikuwa na haki ya kukombolewa. Ufyekaji ulifungua malisho na mashamba, na ng'ombe waliongezeka. Lakini hakuna aliyetengeneza mpango wa siku ya pili. Nchi ilifundishwa kwamba mti ni adui na kwamba ardhi iliyo wazi ndiyo maendeleo. Somo hilo lilikaa vichwani zaidi kuliko mbung'o alivyokaa porini.

Mwaka uleule wa 1938 alipokufa Swynnerton, Guy Callendar, mhandisi wa mitambo ya mvuke, alitangaza huko London hesabu alizozipiga kwa vipimo vya vituo 147 vya hali ya hewa duniani. Alisema dunia inapata joto, na chanzo kimojawapo ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye makaa ya mawe na mafuta. Wataalamu wengi hawakumsadiki. Leo tunajua alikuwa sahihi. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni, na sasa zimepita 420. Gesi hiyo huzuia joto la ardhi lisitoke kwenda angani, kama blanketi. Mti ukikua huivuta gesi hiyo na kuihifadhi, kiasi kwamba karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Ukichomwa au ukioza, kaboni hiyo hurudi hewani. Waliofyeka Shinyanga hawakuwa na habari hiyo. Sisi tunayo.

Baada ya mbung'o ikaja pamba, iliyotaka mashamba mapana zaidi. Kisha Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ikahamisha familia, zikaacha ngitili zao nyuma bila mwenyewe, na katika kijiji kipya hakuna aliyejua ardhi ya kufunga ni ya nani. Miti ikawa kuni. Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Inakadiriwa kwamba mwaka 1986, katika mkoa mzima, zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi tu za ngitili.

Mwaka huo ndipo HASHI ilipozaliwa, baadaye ikiungwa mkono na Norway kupitia NORAD na wataalamu wa kilimo mseto wa ICRAF. Nayo ilianza kwa makosa. Ilifungua vitalu, ikagawa miche, mingi ya miti ya kigeni, na kuwahimiza watu wapande. Katika mkoa unaopata milimita 600 hadi 800 za mvua kwa mwaka, mche unahitaji maji ambayo mama mwenye nyumba hana hata ya kupikia. Mabadiliko yalikuja wataalamu walipokubali kukaa na wanavijiji na kuuliza nini kilikuwepo zamani. Jibu lilikuwa ngitili. Chini ya ardhi ile nyeupe mizizi na visiki vilikuwa bado hai, vikisubiri kupumzishwa tu.

Kilichofuata kilisimamiwa na wenyeji. Dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, ulipitisha sheria za kufunga na kufungua, na sungusungu, waliokwisha kujijengea jina kwa kuwakomesha wezi wa ng'ombe, wakalinda miti. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2005 jopo la watafiti lililoongozwa na Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine lilitoa taarifa ninayoihesabu kuwa hati muhimu kuliko zote za historia hii. Ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji 833. Walikuta aina zaidi ya 140 za ndege na zaidi ya 150 za mimea. Kuni, malisho, dawa, asali na matunda ya ngitili vilikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8 na nusu.

Mradi ulikwisha mwaka 2004. Mwaka 2012 mkoa wa zamani uligawanywa, Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda Simiyu, Bukombe ikaenda Geita. Ngitili zikajikuta katika mikoa mitatu. Urithi wa baba mmoja ulio mikononi mwa watoto watatu bila kikao cha ukoo hauishi salama.

Huku Geita kuna njaa nyingine ya miti. Dhahabu ya eneo hili ilijulikana tangu Wajerumani, mwaka 1898. Mgodi wa kwanza mkubwa ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na Mgodi wa Dhahabu wa Geita wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, ukafuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001. Wachimbaji wadogo wanahitaji matimba ya kuegemeza kuta za maduara, yaani mashimo yao, yasibomoke, na hilo ni suala la uhai wa mtu. Panapotokea rashi ya dhahabu, watu wakikimbilia machimbo mapya, huzuka mji kwa wiki chache, na mji hupikia mkaa. Bodaboda zenye magunia yaliyofungwa kwa kamba za mpira zinatoka vijijini kila alfajiri.

Wakati huohuo hali ya hewa haitusubiri. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda likavunja rekodi ya mwaka 1964, maji yakaingia kwenye nyumba na mialo. Wanasayansi waliochunguza walikuta kwamba joto la dunia liliongeza uwezekano wa mafuriko yale kwa karibu mara mbili. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, na kwa mara ya kwanza wastani wa mwaka ulipita nyuzi 1.5 juu ya enzi ya kabla ya viwanda. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa ya dunia inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia. Wenye deni kubwa wako mbali, na lazima walipe. Lakini deni lao halitamlisha ndama wa Kishapu, mkoani Shinyanga, mwezi wa Oktoba.

Shinyanga na Kahama zimekunywa maji ya Ziwa Victoria kwa bomba tangu mwaka 2009, na tunaijivunia kazi hiyo kwa haki. Ngitili nayo ni miundombinu, tena isiyohitaji mkopo. Inahitaji kuandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na kupewa hati ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ili mrithi asiiuze kipande kwa kipande kwa mchoma mkaa. Inahitaji dagashida zisikilizwe na halmashauri. Na migodi, mikubwa kwa midogo, ipande miti yake ya matimba badala ya kuchota ya wengine.

Katika miaka ya 1920 serikali iliwaita watu na shoka, na mwaka 1986 ikawapelekea miche. Mara zote mbili haikuwauliza kwanza, na mara ya pili ilifanikiwa pale tu ilipouliza. Wazee waliofunga ngitili zile za kwanza za HASHI bado wapo baadhi yao. Maadhimisho ya miaka 40 yaanze kwa kuketi nao chini ya mgunga, kabla hatujahitaji kuwauliza wajukuu wao mti huo ulikuwa wapi.