Namba 2147483647: Kutoka Uthibitisho wa Euler hadi Saa za Kompyuta

Makala haya yanafuatilia historia ya namba 2147483647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 kutoa 1. Namba hii ni tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1603 Mwitaliano Pietro Cataldi aliitaja kuwa tasa, lakini katika orodha hiyohiyo alitia pia vipeo vya 23, 29 na 37, na vyote vitatu alikosea. Kupatia kwake kwenye 31 ni vigumu kukuita ujuzi.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1772, katika barua ya Leonhard Euler kwa Bernoulli. Wakati huo Euler aliishi St. Petersburg, akiwa karibu kipofu kabisa. Kwa njia ya kawaida, mtu angelazimika kuigawa namba hii kwa kila namba tasa isiyozidi 46340, nazo ni zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa, kikigawanywa kwa 248, sharti kibakize 1 au 63. Sharti hilo huacha namba 373 tu, na nyingi kati yake si tasa, hivyo hazihitaji kujaribiwa. Hakuna hata moja iliyoigawa.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuwa namba kamilifu inayozaliwa na tasa hii ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa, kwa kuwa namba hizo ni za ajabu tu, hazina manufaa, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Édouard Lucas alijisumbua. Mwaka 1876 alifika kwenye kipeo cha 127.

Namba ileile imerudi kwa mlango mwingine. Kompyuta inayohifadhi namba nzima kwa biti 32 hutenga biti moja kwa ajili ya alama ya chanya au hasi. Zinabaki 31, na kikomo chake ni 2147483647. (Utasa hauhusiki hapa: kikomo cha biti 64, yaani 2 kwa kipeo cha 63 kutoa 1, hugawanyika kwa 7.) Mifumo mingi ilihesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mfumo usiorekebishwa utasoma Desemba 1901.

Washauri wa sera wasiusubiri mwaka huo. Hatifungani ya miaka 20 iliyouzwa mwaka 2019 inaiva mwaka 2039, na mfumo unaoikokotoa tarehe hiyo umekwisha kukivuka kikomo.