Setilaiti haimuoni mbu, yaona maji yake

Ukitoka katikati ya Nairobi kwa barabara ya Waiyaki, ukapita Kangemi, wafika Uthiru. Hapo ndipo yalipo makao ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI). Jirani yake ni Kabete, ambako wataalamu wa maabara ya mifugo waliieleza homa ya Bonde la Ufa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha. Sisi wa Pwani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mlipuko wa 2006 na 2007 ulianzia Garissa, ukafika Tana River na Kilifi. Zaidi ya watu 150 walifariki nchini Kenya.

Ugonjwa huu huanza na mbu wa jamii ya Aedes. Wao hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, pembezoni mwa vibonde vinavyotuamisha maji. Mayai hayo, mengine yakiwa tayari na virusi, hukaa miaka kwenye udongo mkavu bila kufa. Mvua kubwa ikijaza vibonde, mbu huanguliwa kwa wingi na kuwauma ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kisha mbu wa aina nyingine huupokea ugonjwa na kuueneza.

Setilaiti haimuoni mbu. Yaona anapozalia. Mwaka 1987, Kenneth Linthicum na wenzake walionyesha kwamba ukijani wa mimea nchini Kenya, ukipimwa kutoka angani, hutoa dalili za ugonjwa huu. Picha nyingine hutambua vibonde vyenyewe, na rada, ambayo hupenya mawingu, huonyesha kama vimefurika. Mwaka 1999 wakaongeza joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, ikawezekana kutabiri miezi kadhaa mbele.

Mwaka 2006 tahadhari ilitolewa wiki kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa mwezi Desemba. Hata hivyo, chanjo ya mifugo ilichelewa. Baadaye watafiti wa ILRI na maafisa wa mifugo waliwahoji wafugaji, wakakuta kwamba tangu mnyama wa kwanza kushukiwa hadi huduma ya mifugo kufika zilipita kama siku 60. Wafugaji wa Kisomali wao walishazitambua dalili mapema: mvua isiyokatika, mawingu ya mbu, mimba kutoka. Ugonjwa wana jina lake, sandik, yaani damu puani.

Kwa hivyo naona tatizo letu si uhaba wa picha. Ni safari ya habari kutoka kwenye kompyuta hadi zizini, na kutoka zizini kurudi ofisini. Onyo la setilaiti likitoka, lisomwe redioni na misikitini siku hiyo hiyo, na chanjo itangulie mbu. Mfugaji akisema ameona sandik, asingojeshwe.

Nasi majumbani tuna wajibu wetu, kwani binadamu wengi huambukizwa kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Mlipuko ule ulituangukia na Idd el-Hajj ikiwa mwisho wa Desemba. Mvua zikizidi, mnyama mgonjwa asichinjwe wala asichunwe, na maziwa yachemshwe. Mnyama wa kuchinja Idd ni lazima awe mzima; hilo twalijua kabla ya setilaiti.