Kaiti baharini: nani anampisha nani?

Katika pwani ya mashariki ya Unguja, hasa Paje na Jambiani, bahari moja ina watumiaji wengi. Maji yakitoka, akina mama hushughulikia mashamba ya mwani na wengine hutafuta pweza miambani. Maji yakijaa, ngalawa hupita, watoto huogelea, na angani huonekana kaiti za rangi, kila moja ikimvuta mtu aliyesimama juu ya ubao. Hali kama hiyo ipo pia Diani na Watamu, nchini Kenya.

Mchezo huu umewapa vijana wa pwani kazi ya ualimu na usaidizi ufukweni. Lakini kaiti ikiendeshwa ovyo inaweza kumjeruhi mtu au kuharibu shamba. Haya ndiyo ya kufahamu, uwe mvuvi, mkulima wa mwani au kijana unayefanya kazi ufukweni.

Hatari iko wapi?

Kaiti ni tiara kubwa ya kitambaa yenye mirija iliyojazwa hewa. Huunganishwa na mchezaji kwa kamba nne au tano, ambazo kwa kawaida zina urefu wa mita 20 hadi 25. Kamba hizo ni nyembamba, lakini zikivutwa na upepo huweza kukata ngozi kama kisu. Mchezaji mwenyewe anaweza kwenda kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa au zaidi.

Kwa hiyo usimpime mchezaji kwa ukubwa wa mwili wake. Pima na kamba zake. Kaiti huruka upande ambao upepo unaelekea, ule ambao mabaharia huuita demani. Huko ndiko itakakoangukia na ndiko itakakomburuta mchezaji akishindwa kuidhibiti. Upande upepo unakotoka, yaani joshini, una usalama zaidi.

Kwa mfano, ukisimama Paje ukitazama bahari wakati wa kusi, takriban Juni hadi Septemba, upepo hutoka upande wako wa kulia. Ukikuta mtu anarusha kaiti ufukweni, pita upande wake wa kusini, nyuma yake. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi mapema Machi, upepo hutoka kushoto, hivyo pita upande wake wa kaskazini. Usipite kati ya mchezaji na kaiti yake, hata kama kamba zimelala mchangani. Upepo ukiinyanyua kaiti, kamba hukaza mara moja.

Wachezaji wanapishana vipi?

Kanuni zao nyingi zimetokana na za vyombo vya tanga:

- Wawili wakikutana uso kwa uso, aliyetanguliza mkono wa kulia huendelea na njia yake. Aliyetanguliza wa kushoto humpisha.
- Wakipita karibu, aliye joshini huinua kaiti yake juu, na aliye demani huishusha, ili kamba zisinasane.
- Anayetoka ufukweni kuingia majini hutangulia. Anayerudi husubiri.
- Anayempita mwenzake kwa nyuma ndiye anayejihadhari.
- Kabla ya kuruka hewani, mchezaji huhakikisha hakuna mtu upande wa demani. Nafasi salama ni kama mita 50, sawa na urefu wa kamba mara mbili.

Na kwa watumiaji wengine?

Hapa jibu ni moja: mwenye kaiti ndiye anayepisha. Anayeogelea, mama aliyeinamia kamba za mwani na mtoto anayeokota chaza hawawezi kukimbia wakiwa ndani ya maji. Kuhusu wavuvi, kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, za mwaka 1972, zinakitaka chombo cha tanga kikipishe chombo kinachovua kwa nyavu au zana nyingine zinazokifanya kigumu kugeuka. Mchezaji wa kaiti naye anapaswa kufanya vivyo hivyo. Akipita joshini mwa ngalawa, awe mbali, maana mlingoti ukinasa kamba zake, wote wawili wako hatarini.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na Paje na Jambiani zilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo, miaka mingi kabla ya kaiti kufika. Mapezi ya ubao hukata kamba za mwani, na mazao ya wiki kadhaa huchukuliwa na mkondo. Shamba nalo ni hatari kwa mchezaji: maji yakijaa, vigingi hujificha chini yake. Ndiyo maana kuweka maboya, hata ya chupa tupu za plastiki, kwenye pembe za shamba kunawasaidia wote.

Kaiti ikianguka karibu nawe

- Usishike kamba wala kuizungusha mkononi au kiunoni.
- Sogea upande upepo unakotoka, na waondoe watoto.
- Mwambie mwenye kaiti afyatue kifaa cha dharura kilichoko mbele ya mwili wake. Kikifyatuliwa, kaiti hupoteza nguvu.
- Ukinaswa na kamba, usijaribu kushindana na kaiti. Piga kelele ili afyatue haraka.

Mchezaji akijipigapiga kichwani kwa kiganja, anaomba msaada wa kutua. Ukikubali kumsaidia, ishike kaiti katikati ya mrija mkubwa wa mbele, usiguse kamba. Kisha ilaze, mrija huo ukiwa chini na ukielekea upepo unakotoka, uweke mchanga juu yake.

Makubaliano kabla ya msimu

Migogoro hupungua pale watu wanapokubaliana mapema. Kabla upepo haujaanza, wenye shule za kaiti, wakulima wa mwani na wavuvi wanaweza kukaa na sheha na kamati ya wavuvi, au BMU kwa upande wa Kenya. Wakubaliane njia ya kuingilia majini, mipaka ya mashamba na eneo la wanaojifunza. Wazungumzie pia siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na wengi huwa kazini baharini. Na wakubaliane mapema nani atalipa kamba ya mwani ikikatwa.